Kodi ya Faida na Chumvi ya Yanonge

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa mara mbili kabla ya saa sita mchana. Mara ya kwanza ni sentineli wa mlangoni, mzee mmoja wa kabila la Wagenia, aliyeniona nakuja miguu mitupu, viatu mkononi ili visishike matope, akadhani natafuta kazi ya kubeba magunia. "Babebaji banapita kule nyuma, weye! Huku iko mulango ya bazungu." Nikamwonyesha barua ya mafrère, watawa walionifundisha misioni. Kusoma hakujua, lakini muhuri aliujua, akanipisha huku akinung'unika.

Mara ya pili ni chef comptable, mkubwa wa hesabu, mzungu mfupi ambaye hakuvua kofia hata ndani ya biro, yaani ofisini. Alinipa ukurasa wa tarakimu ninakili. Nikakosea saba moja, nikaikwangua kwa wembe kama tulivyozoea shuleni, nikaandika nyingine juu yake. Akaupeleka ukurasa dirishani, akaona mwanga unapenya. "Inje!" Nikasimama uani katikati ya magunia ya kokwa za mawese, jua la utosi, mpaka aliponiita tena.

"Sikia, petit. Mu buku ya kampani hakuna kukwangua. Ukikosa, piga musitari moja, andika ya muzuri juu yake, tia sinyatire, jina yako. Umesikia?"

"Ndiyo, bwana."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyoifanya mpaka nywele zikaniisha kichwani. Ilikuwa miaka ya hamsini, wazungu wakiuita mji wetu kwa jina lao na sisi tukiendelea kusema Kisangani. Jina la kampani sitalitaja. Ilikwisha zamani, na wenyewe wamekwisha nayo. Ilikuwa ya wageni, makao yake makuu, yaani siège, yakiwa Ulaya, kule tulikoita Poto. Ilinunua kokwa za mawese, mpunga na kahawa, ikauza vitambaa, petroli ya taa, majembe na chumvi.

Ninyi vijana mnaosomea hesabu leo, mashine inawajumlishia kila kitu, nanyi mnalalamika mgongo unauma. Alors, sikilizeni. Sisi tuliandika kila jambo la siku katika journal, kisha kila mstari wa journal tukauhamisha katika buku kubwa, grand livre, ambalo lilihitaji watu wawili kulibeba. Mwisho wa mwaka tulitoa bilan, karatasi moja inayosema kampani ina nini, inadaiwa nini, imepata faida gani. Senti moja ikipotea, hakuna aliyekwenda kula. Nilizipenda kazi hizo, sitawadanganya. Nilizipenda kupita kiasi, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Kodi nayo. Sisi watu wa cité, mitaa ya Waafrika, tulilipa mpako kwa kichwa: mwanamume mzima, kichwa kimoja, mpako mmoja, usipolipa unalala boloko, gerezani. Kampani haina kichwa. Kampani ililipa kodi ya faida. Unachukua mauzo yote, unatoa gharama zote, kinachobaki serikali inakata sehemu yake. Bon, mauzo ni rahisi kuyajua. Vita vyote vya kodi, tangu siku hizo mpaka leo, ni juu ya gharama. Kampani inasema, hii ni gharama. Mtu wa kodi anasema, hapana, hii ni faida mliyoivalisha nguo nyingine.

Mwaka wa tatu nilipandishwa kuwa aide-comptable, msaidizi wa mkubwa wa hesabu, nikaanza kutumwa kukagua butike za kampani kando ya mto. Kila butike ilishikwa na kapita, mtu wetu mweusi anayenunua mazao na kuuza bidhaa. Kapita wa Yanonge aliitwa Papa Bosenge, Mlokele wa ukoo wa wavuvi, mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo haikulingana na mwili wake. Butike yake ndiyo iliyonunua kokwa nyingi kuliko zote. Akina mama walivuka mto kwa mitumbwi kuja kwake, wakiziruka butike mbili njiani, kwa sababu mizani yake haikuwa na ujanja.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mama akileta kokwa, zikapimwa, akalipwa bei iliyobandikwa ukutani, haondoki. Anasimama. Anamtazama kapita. Anasubiri matabishi yake, glasi moja ya chumvi juu ya bei. Hiyo ilikuwa desturi mto mzima, na kapita asiyeifuata alibaki na mizani yake akiitazama. Papa Bosenge hakuwa na cheti chochote, lakini kila glasi aliyotoa aliiandika kwa fimbo moja ya wino katika daftari la shule. Fimbo kumi, mstari. Mistari kumi, ukurasa. Madaftari ya miaka yote alikuwa ameyapanga katika sanduku la sabuni chini ya meza.

"Papa, ni nini hii?" nilimwuliza.

"Iko matabishi. Fimbo moja, glasi moja."

"Mu comptabilité, compte ya matabishi haiko, papa. Kuna chumvi yenye kuingia na chumvi yenye kuuzwa. Basi."

"Na ile yenye kupewa?"

"Ile tutaandika upungufu. Chumvi inayeyukaka."

Akacheka. "Eh, Gaston! Weye ulisoma, miye sikusoma. Nitafanya vile unasema."

Nikampa fomu niliyoibuni mwenyewe, safu mbili safi, na nikamwambia yale madaftari hayana kazi tena, ayatumie kufungia bidhaa. Nilimwona kwa macho yangu akichana ukurasa wa kwanza, akiusokota kuwa koni, akimimina chumvi ndani na kumpa mama mmoja aliyekuwa akisubiri. Nilijivuna. Chef comptable alipoiona fomu yangu alisema "Pas mal," yaani si mbaya, akaitia sahihi bila kuuliza lolote, ikatumwa kwenye butike zote.

Haukupita mwaka mmoja, akafika kontrolere. Huyu ni mtu wa serikali anayekagua buku za kampani kuona kama kodi ililipwa sawasawa. Alikuja kwa boti kutoka Léopoldville, mji mkuu, mtu mnene, mpole, aliyeomba kiti karibu na dirisha na chai isiyo na sukari. Tulikuwa tumetazamia mtu wa makelele. Upole wake ulitutisha zaidi.

Alianza na gharama za siège. Kila mwaka Poto ilituandikia kwamba tuchangie mishahara ya wakubwa wa kule na pango la nyumba yao, nasi tulizitoa kwenye faida. Akauliza, wakubwa hao wamefanya nini kwa ajili ya Kisangani? Tukabishana naye siku nne, akakubali nusu. Gérant, yaani mkurugenzi wetu, alikuwa ameanza kupumua. Ndipo kontrolere akaifungua fomu yangu.

"Chumvi ya Yanonge imekwenda wapi?" aliuliza kwa Kifaransa, polepole.

Chef comptable akajibu ni upungufu wa kawaida, unyevu wa msitu.

"Unyevu! Hata mvua ingenyesha ndani ya butike, isingeyeyuka chumvi kiasi hiki. Mmenunua, hamkuuza, ghalani hamna. Basi mmeiuza na kuficha fedha."

Gérant akamweleza matabishi. Alieleza vizuri, sikatai, mpaka yule mama anayesimama mbele ya mizani alimwigiza. Kontrolere akatikisa kichwa. "Mimi binafsi nakuamini, bwana. Lakini sheria inataka karatasi. Nionyeshe mahali popote palipoandikwa kwamba chumvi hii ilitolewa bure."

Gérant akatugeukia. "Iko karatasi?"

 Chef comptable alinitazama, nami nikamtazama. Wakati huo ombi langu la kadi lilikuwa juu ya meza ya administrateur, mkuu wa serikali wa eneo letu, ile kadi ya watu walioitwa évolués, Waafrika waliosoma, na mke wangu alikuwa ameshashona nguo ya sherehe. Ningesema, "Zilikuwepo, bwana. Kapita aliandika kila glasi, na mimi ndiye niliyemwambia achane." Ningesema hivyo, wangenifukuza mara ya tatu, na huenda kontrolere angetaka kumsikia Papa Bosenge mwenyewe.

"Hakuna, bwana," nilisema.

Kontrolere aliikadiria hiyo faida iliyofichwa, akaihesabu miaka mitatu nyuma, akaongeza faini. Akatuambia kwa upole uleule kwamba ikiwa chumvi iko hivi, atarudi kutazama na vitambaa na petroli. Kampani ilikuwa na haki ya kuandika réclamation, malalamiko rasmi kwa mkubwa wa kodi, ndani ya muda uliowekwa. Poto ikaleta telegramu: malizeni jambo hili, hatutaki kesi ya kodi. Gérant alikonda. Kila mtu alijua akishindwa atarudishwa kwao kwa aibu.

Ni avocat, mwanasheria wa kampani, aliyeleta dawa. Alikaa juu ya kona ya meza yangu akasema hasara ya wizi ni gharama ambayo sheria inaikubali, mradi kuna hukumu ya mahakama. Si lazima chumvi iwe ilitolewa. Yatosha iwe iliibwa.

Gérant akaniuliza, "Wapi chumvi ilipotea mingi kupita?"

"Yanonge, bwana." Nilijibu upesi, kama mtoto mwenye akili darasani. Mpaka leo nauonea aibu upesi ule.

"Ule kapita anakuamini?"

"Ananiamini."

"Basi utaenda weye kwanza, polisi itafuata. Mutu akikubali mwenyewe, tribunal inamupunguzia. Umwambie."

Nilishuka mto na baleinière, mashua ya kampani. Papa Bosenge alinikuta gatini, akachukua mfuko wangu mwenyewe, akamwambia mke wake, Mama Elali, aweke samaki motoni. Nilimwambia kabla ya samaki kuiva. Nilimweleza kodi, kontrolere, faini, yote. Alisikiliza huku akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia mizani.

"Lakini Gaston, sikuiba."

"Ninajua, papa."

"Weye uliona madaftari. Fimbo zote uliziona! Uwaambie basi."

Hapo ndipo nilipomwua. Nilimtazama machoni nikasema, "Niliwaambia, papa. Nilisema yote. Balikatala. Bazungu banataka kukufunga miaka mingi. Miye niliomba sana, nikapata hivi: ukikubali, itakuwa miezi tu. Kisha utarudi kazi."

Mama Elali alikuwa amesimama mlangoni na kijiko mkononi. "Akubali nini? Akubali wizi? Batoto yangu bataitwa batoto ya mwizi?"

"Nyamaza, mama," Papa Bosenge alimwambia. "Gaston alinipigania. Haiko kosa yake." Kisha akanigeukia. "Nitakubali. Lakini weye ubakie karibu na miye kule mbele ya juge. Kifaransa ile inaniogopesha."

Nilibaki karibu naye. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Juge, yaani hakimu, aliuliza kama ni kweli aliiba chumvi ya bwana wake, nami nikaligeuza swali kwa Kiswahili, na Papa Bosenge akasema ndiyo, na mimi nikasema oui. Miezi minane. Karani wa mahakama alitupa nakala mbili za hukumu, moja ya kampani, moja ya kodi. Niliitoboa ile ya kodi mimi mwenyewe na kuifunga ndani ya faili ya réclamation.

Jibu lilikuja kabla ya msimu wa kahawa. Malalamiko yamekubaliwa, chumvi ya Yanonge ni hasara ya wizi, faini imefutwa. Gérant alifungua chupa ya bia, akanipa glasi mbele ya wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa Mwafrika. Chef comptable alinishika bega. Nilipewa kadi yangu, mshahara uliongezwa, mke wangu akavaa ile nguo.

Mama Elali alifukuzwa katika nyumba ya kapita wiki ileile. Alihamia cité ya Kisangani kwa ndugu yake, na kila juma alipeleka pondu, kisamvu chetu, na mihogo kwenye mlango wa gereza. Siku moja alikuja biro kuuliza ni lini mume wake atarudishiwa kazi. Nilimsikia akitaja jina langu kwa sentineli. "Mwambie Gaston, iko Mama ya Yanonge." Nikaingia nyuma ya kabati la faili, nikasimama pale nikihesabu migongo ya mafaili mpaka alipoondoka. Mzee Mugenia alikuja kunitazama.  Tangu siku hiyo hakuniamkia tena.

Papa Bosenge alitoka na kikohozi na alama za fimbo mgongoni, maana siku hizo gerezani walichapa. Kazi hakupewa. Alirudi kwenye nyavu za baba yake.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka, kwani ni kazi tu. Uhuru ulipofika wazungu wa kampani waliondoka na buku zao, serikali ilikosa watu wanaojua kodi, ikatuchukua sisi. Nikawa kontrolere mimi pia, mnaona mambo. Nilipelekwa Ubundu, kwenye mwisho wa reli, ambako chef de bureau, mkuu wa ofisi, aliniambia, "Hapa bilan utaiona mara moja kwa mwaka, mbu utamwona kila siku." Nilipelekwa Bafwasende, nikakagua wanunuzi wa kahawa chini ya turubai. Kisha nikarudi Kisangani, nikawa chef de division, mkuu wa idara. Nilisifiwa kwa jambo moja: kila nilipokuta upungufu wa chumvi, sabuni au mchele, sikuuliza karatasi kwanza. Nilimwita kapita, nikamwuliza anampa nani nini. Wenzangu walisema nina huruma. Hawakujua ninachokiogopa.

Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba. Juma lililofuata nilipanda boti kwenda Yanonge. Nilikuwa nimeahirisha miaka mingi, kila mara na sababu nzuri, na sasa sababu zilikuwa zimeniishia. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia: sikuwaambia, papa. Nililirudia njia nzima midomo ikichezacheza, hata mama mmoja wa samaki akaniuliza kama ninasali.

Papa Bosenge alikuwa hai, kipofu, ameketi kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba ya udongo. Mama Elali alikuwa amekwisha kufa. Niliposema jina langu alinyanyua mikono yote miwili, akaanza kuita watu kwa ile sauti yake ndogo. Walikuja wana, wakwe, majirani, katekista.

"Munaona huyu? Ndiye Gaston! Bazungu balitaka kunifunga miaka mingi. Huyu peke yake alisimama akanitetea. Bila yeye ningefia boloko. Mupigie yeye mikono!"

Wakapiga makofi, watu wote wa ua ule. Mimi nilisimama na neno langu mdomoni. Halikutoka. Niliinamisha kichwa, nikasema, "Asante, papa." Wakaniletea kiti, wakaniletea samaki, nikala. Jamani, nilikula.

Mwanawe mkubwa, mwanamume aliyekwisha kuwa na mvi zake, alinisindikiza mpaka gatini.  Boti ilipokuwa inapakia magunia ya mwisho, alisimama mbele yangu.

"Tonton, weye ulikuwa pale. Sisi tulikua tunaitwa batoto ya mwizi. Hata ku masomo, hata ku ndoa yangu. Papa hapendi kusema. Niambie: papa aliiba ile chumvi?"

"Hakuiba."

"Basi nani aliiba?"

"Hakuna mutu aliiba. Chumvi ilipewa bamama."

 "Sasa papa alifungwa juu ya nini?"

Mota ya boti ilikuwa imeshawaka. Nikamwambia, tutazungumza siku nyingine, mwanangu, boti inaondoka. Nikapanda.

Papa Bosenge alifariki msimu wa mvua uliofuata. Msiba sikuuhudhuria. Nilisema miguu inaniuma.

Mnaoanza kazi hii mtatarajia nimalize kwa mashauri. Sina mengi. Nimewaeleza gharama ni nini, faida ni nini, na jinsi kesi ya kampani ya wageni ilivyomalizwa vizuri kabisa, faili likafungwa bila kasoro. Lililobaki ni jibu la lile swali la gatini. Papa Bosenge alifungwa kwa sababu mimi niliamuru madaftari yachanwe, kisha nikaogopa kusema, kisha nikamdanganya kwamba nimesema. Nimeliandika hivyo hivyo, bila kupunguza, katika barua kwa mwanawe, na nikaituma Yanonge kwa mkono wa katekista kabla ya kuwaandikia ninyi.

Katekista anasema yule mwana aliisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni. Bado hajajibu.